Kukaa katikati ya aliyeiba na aliyeibiwa

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa kujitolea, Bunia. Tumeyaacha kama yalivyosemwa. Tumeondoa tu kila kitu kinachoweza kuonyesha watu wanaotajwa ni nani.

Asante kwa kuja na hii mvua. Najua wengine wenu mumevuka Nyamukau kwa miguu, juu motari wote walikimbilia chini ya vibaraza. Basi sitawachosha bure.

Niliombwa niongee juu ya kazi ya kujitolea kama mpatanishi, kati ya mtu aliyetendewa kosa na mtu aliyelitenda. Nilikuwa nimetayarisha maneno yangu vizuri. Kisha juzi kamarade mmoja akauliza swali kwenye kundi letu la WhatsApp, na maneno yangu yote yakaanguka. Aliandika hivi: "Sisi tunaingia barabarani kuomba haki, tunapigwa, tunafungwa. Ninyi munachukua mwizi na mtu aliyeibiwa, munawaweka chumba kimoja, munawaambia wapatane. Hiyo si ndiyo ile ile ya kufunika makosa?" Wengi waliweka kidole juu. Hata mimi nilikaribia kuweka.

Nitajibu, lakini nitajibu na hadithi ya mama mmoja, juu mimi si mtu wa teori.

Mama huyu anauza samaki. Samaki wake wanatoka ziwani, Tchomia na Kasenyi, anawauza sokoni hapa mjini. Yeye na wanawake wengine 11 wana likelemba: kila mmoja anatoa dola 15 kwa mwezi, zote pamoja dola 180, na mmoja anabeba kwa zamu. Mwezi ule yeye ndiye alikuwa anakusanya. Jumamosi jioni akaweka franga kwa mfuko, chini ya kikwembe, ndani ya nyumba. Jumapili asubuhi mfuko haupo.

Aliyechukua ni kijana wa miaka 16. Familia yake ilikimbia vita kutoka Djugu, yeye alikuwa anaishi kwa mjomba wake, nyumba tatu kutoka kwa mama. Alishikwa siku ileile, juu alienda kununua simu na viatu, na mwenye duka akashangaa. Kabla polisi haijajua kitu, kartie ilikuwa imejua. Ninyi mumekulia hapa, munajua kinachofuata. Mtu mmoja analeta tairi. Mwingine anauliza nani ana petroli. Hakuna anayesema "tumuue." Kila mtu analeta kitu kimoja kidogo, na kile kitu kidogo hakimwonyeshi kwamba yeye ni muuaji.

Shefu wa avenyi alijitupa katikati, pamoja na vijana wawili wa kwetu. Mmoja wao bado ana alama kwa kichwa. Kijana akapelekwa polisi, akiwa hai. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza, na sehemu ile haikuwa upatanishi. Ilikuwa kuokoa mtu tu.

Sasa sikilizeni sheria inasema nini, juu wengi wanafikiri tunajitungia. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inasema mtoto anayegongana na sheria hahukumiwi kama mkubwa, anaenda mbele ya mwamuzi wa watoto. Na ndani ya sheria ile ile kuna kitu kinaitwa komite ya upatanishi. Imeandikwa mule, na kabisa. Asistanti sosyali alikuja kuuliza familia mbili kama zinaweza kukubali. Yeye ndiye alituomba tusaidie kutayarisha watu. Ninataka mushike neno hilo, kutayarisha. Mutu anafikiri kazi ya mpatanishi ni ile saa moja ambapo watu wawili wanakaa wanaangaliana. Ile saa moja ni kidogo sana. Kazi iko mbele yake.

Tulienda kwa mama mara tatu. Mara ya kwanza alitufukuza. Alisema: "Muko nalipwa na nani? Mwizi njo ana avoka, mi nina nani?" Tuliondoka. Alikuwa na haki ya kutufukuza, na mpatanishi ambaye hawezi kufukuzwa bila kununa atafute kazi nyingine. Mara ya pili alituacha tukae, lakini aliongea juu ya bei ya samaki tu. Mara ya tatu ndipo akasema kile kilichokuwa kinamchoma.

Makamarade, sisi tulifikiri kinachomchoma ni dola 180. Haikuwa hiyo. Wale wanawake 11 walikuwa wanasema kwamba hakuna wizi wowote. Walisema amekula franga ya likelemba yeye mwenyewe, halafu akatafuta mtoto wa wakimbizi wa kumbebesha. Miaka sita wamekuwa pamoja, wamezikana watoto, na sasa akifika sokoni wanahamisha vibanda. Alisema: "Franga nitaitafuta, hata kwa kuosha nguo ya watu. Lakini jina yangu, nani atanirudishia?"

Sasa niambieni ni hukumu gani ingemrudishia jina. Tuseme kijana amefungwa miaka miwili. Wanawake wanasema: unaona, amefungisha mtoto wa watu bure. Tuseme serkali imemlipisha mjomba. Wanawake wanasema: mjomba ametoa rushwa kwa mama. Mtu mmoja tu hapa Bunia alikuwa na ile dawa, naye ni mwizi mwenyewe.

Upande wa kijana nao tulienda mara tatu. Mara ya kwanza aliinamisha kichwa akasema "ndiyo papa, ndiyo papa" kwa kila swali. Mtoto aliyeona tairi anasema ndiyo kwa kila kitu, hata umwambie ameiba mwezi. Ile ndiyo hatuichukui. Tulimwambia: "Unaweza kukataa kukutana naye. Ukikataa, hatutasema mabaya yako kwa mwamuzi." Alikaa kimya sana. Mara ya pili akauliza kama mama ana watoto. Nilirudi nyumbani nikamwambia mwenzangu: sasa tunaweza kuanza.

Tulikutana Jumamosi, ndani ya darasa la shule ya msingi, kwenye viti vya watoto. Magoti yetu yote yalikuwa yanagusa kifua, hata mjomba mwenye tumbo kubwa, na nafikiri ile ilisaidia, juu hakuna mtu anaweza kujifanya mkubwa juu ya kiti kile. Mama aliongea wa kwanza. Hakulia, hakupiga kelele. Aliuliza: "Ulijua ile franga ilikuwa ya banani?" Kijana akasema hakujua, alifikiri ni ya duka. Mama akaanza kuwataja wale wanawake mmoja mmoja, na kila mmoja alitaka kufanya nini na zamu yake. Huyu, masomo ya mtoto. Huyu, mabati. Huyu alikuwa anadaiwa hospitali. Alitaja wote 11. Ilichukua dakika kumi hivi, na mimi nilijizuia nisiseme kitu. Wakati anafika kwa wa nane, kijana alikuwa ameziba uso na mikono.

Makubaliano yalikuwa mawili. La kwanza: atasimama mbele ya likelemba Jumapili ya pili na kusema kwa kinywa chake kwamba aliingia nyumba ile usiku na kuiba. La pili: franga. Dola 65 zilikuwa bado zipo, zilirudishwa palepale. Zilibaki 115, atabeba mizigo sokoni baada ya masomo na kulipa dola 5 kwa wiki.

Jumapili ilifika, alisimama, alisema. Sauti ilikuwa inatetemeka na hakumaliza vizuri. Mwanamke mmoja wa wale 11 aliinuka, akatoka nje bila kusema kitu. Wengine walibaki. Mmoja alimwendea mama, akamshika mkono.

Na franga? Hapa ningependa kuwadanganya, lakini hapana. Alilipa wiki 14. Dola 70. Kisha mjomba alihama, na kijana akasikika yuko Mongbwalu, kwenye machimbo ya dhahabu. Zimebaki dola 45. Tumemtumia habari mara mbili kwa watu wanaopanda kule. Nilimwuliza mama kama anaona tulimdanganya. Akasema, "Ile ya jina alishalipa. Ile ingine nitangojea." Anangojea mpaka leo. Kwenye daftari yetu kesi ile bado iko wazi.

Kamarade uliyeuliza swali, hiyo ndiyo nusu ya jibu langu: pale hatukufunika kitu. Kosa lilisemwa kwa sauti, mbele ya watu waliopashwa kulisikia, na mtu aliyelitenda. Kufunika ni kinyume cha hiyo.

Nusu ya pili ni kwamba una haki. Wapatanishi wengi wanafunika. Mimi nilishafunika.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza. Bwana mmoja alikuwa anapiga mke wake. Wazee wa familia walitaka tuje "kuwasaidia watoto waongee." Nilifurahi, nilijiona nimekuwa mtu, wazee wananiita. Tulikaa kwa salon ya baba mkwe. Tuliweka kila mtu, tulisali, bwana aliomba radhi vizuri sana, hata machozi yalitoka. Nilimgeukia dada nikamwuliza, mbele ya baba mkwe, mbele ya mama mkwe, mbele ya bwana: "Dada, unamsamehe?" Akasema ndiyo. Tulipiga makofi. Tulikula wali.

Siku tisa baadaye alikuwa hospitalini na mkono umevunjika.

Nilienda kumwona. Sikujua niseme nini, nikasema pole. Aliniambia bila hasira: "Ulitaka niseme nini? Ile usiku ningelala wapi?" Ninawaambia hili juu kosa lile ni langu, halikuwa la wazee. Wazee walifanya kile wazee wanafanya siku zote. Mimi ndiye nilisoma, mimi ndiye nilijiita mpatanishi, na sikukaa na yule dada peke yake hata dakika tano. Ndiyo ya mtu ambaye hana pa kulala kama akisema hapana, ile si ndiyo. Tangu siku ile kesi ya bwana kupiga mke hatuichukui tena. Tunamsindikiza dada kwa daktari, kwa wale wanaojua kazi ya kulinda wanawake, kwa polisi kama anataka. Hatuketi katikati. Pale katikati hapana.

Na kuna ile nyingine ambayo hatugusi hata kwa kidole. Mumeisikia hadithi hii mara ngapi? Binti ameharibiwa, familia mbili zinakaa, mbuzi wawili, franga kidogo, mara nyingine hata wanamwoza kwa yule yule. Wanaiita "upatanisho." Wandugu, sheria za 20 Julai 2006 juu ya ubakaji ziko wazi: hata ile amande ambayo parke au opeje anaweza kulipisha ili kufunga dosye ndogo, kwa makosa ya ubakaji imekatazwa. Sasa kama mwendesha mashtaka mwenyewe hana ruhusa ya kuimaliza kwa franga, wewe kijana na kalamu yako ya Bic unaimaliza kama nani? Mtu akikuita kwa kesi kama ile, hata awe mchungaji wako, hata awe baba yako mdogo, unasema hapana na unapeleka binti hospitali haraka, ndani ya saa 72, juu kuna dawa ambazo baada ya hapo hazina nguvu. Huyo binti anahitaji daktari na avoka. Hahitaji mpatanishi.

Basi tunachukua nini? Wizi mdogo. Ugomvi wa vijana uliofika kwa damu kidogo. Motari aliyegonga mtoto na kukimbia, kisha moyo wake umemrudisha. Mutu aliyevunja kibanda cha mwingine. Matusi, uzushi, kumwita mtu mchawi. Mipaka ya shamba pia, lakini kwa mashamba muende polepole, na musiende peke yenu. Hapa Ituri mtaro mmoja kati ya mashamba mawili una historia kushinda kitabu, na watu wa Réseau Haki na Amani wameifanya ile kazi miaka mingi kabla yetu, muwaulize wao kwanza.

Na kila mara sharti ni lile lile. Aliyetenda anakubali kwamba alitenda. Aliyetendewa anataka, na anaweza kuacha saa yoyote, hata katikati ya neno. Plenti yake inabaki yake, hatumwambii aitoe. Sisi hatuhukumu, hatulipishi amande, hatuandiki karatasi yenye muhuri. Kuna kijana alinunua muhuri, nacheka lakini ni kweli, alinunua muhuri akaandika juu yake "mpatanishi." Tulimwomba aulete, na uko kwenye droo yangu.

Mutasema, kwa nini tujisumbue, si kuna tribunali? Kuna tribunali. Lakini tangu 6 Mei 2021, eta de sieje ilipoanza Ituri na Nord-Kivu, kesi za makosa ya jinai zilisukumwa kwa waamuzi wa jeshi, nao walikuwa wachache. Mutu aliiba kuku alikuwa anangojea nyuma ya mtu aliyechoma kijiji. Gereza kuu la Bunia lilijengwa kwa watu 500 hivi, na hesabu tunayosikia kwa redio kila mwaka imepita hapo mara nyingi. Wengi mule hawajahukumiwa. Sisemi tufungue milango. Ninasema kijana wa kuku akiingia mule kwa mwaka mmoja, anatoka na walimu wapya. Na sisi ndio tutaishi naye kwenye kartie, si mkubwa fulani wa Kinshasa.

Sasa nifike pale ambapo kila mtu anangojea nifike. Vita.

Kila nikiongea kwa kambi, Kigonze au mahali pengine, kuna mzee anayeinua mkono na kuuliza: "Na wale waliotuchinja, muko tayari kutupatanisha nao pia?" Anauliza kwa kejeli, na ana haki ya kejeli yake.

Jibu langu ni hapana, na nitaeleza. Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa, CPI, 14 Machi 2012, ilihusu watoto wa hapa kwetu waliotiwa jeshini. Miaka miwili baadaye, Machi 2014, CPI ilimkuta Germain Katanga na makosa juu ya shambulio la Bogoro, 24 Februari 2003. Bogoro, mwendo wa kilomita 25 hivi kutoka hapa tulipokaa. Alipewa miaka 12. Juni ya mwaka ule ule aliacha rufani yake na akasema anajuta kwa wote walioteseka, pamoja na watu wa Bogoro. Machi 2017 waamuzi wakaamuru malipo: dola 250 za alama kwa kila mmoja wa watu 297, na tena misaada ya pamoja, nyumba, masomo, kazi ya kuingiza kipato, matunzo ya roho.

Ninyi mulete hukumu yenu juu ya dola 250. Mimi ninayo yangu, lakini si ya leo. Ninachotaka muone ni miaka. Kutoka Februari 2003 mpaka Juni 2014 ni miaka 11 kabla neno la kujuta halijasemwa, na lilisemwa La Haye. Wengi waliopashwa kulisikia walikuwa wamezikwa. Na hata hivyo, bila kesi ile, bila ushahidi, bila avoka, lile neno lisingetoka kabisa. Kwa makosa ya namna ile kunapashwa kuwa mwamuzi kwanza. Baadaye, pengine, watu wataongea. Sisi na viti vyetu vya darasa hatuwezi kuchukua nafasi ya mwamuzi, na yule anayesema tunaweza anatafuta njia ya bei ndogo.

Muangalie pia kilichofanyika kwa wakubwa. Wakuu wa zamani wa vita walitumwa kama wajumbe wa amani kwa CODECO, na Februari 2022 wakashikwa mateka. Mwezi ule ule, mwanzoni, watu karibu 60 walikuwa wameuawa kwa kambi ya Plaine Savo, watu waliokimbia tayari, ndani ya mahema. Mwaka 2023 makundi ya silaha yalikaa Aru na kutia saini karatasi ya kuacha vita. Nilifurahi siku ile, sitakana. Lakini karatasi ile ilisainiwa na wenye bunduki. Mama wa samaki hakuwa na kiti pale. Na milio haikuisha. Upatanishi ambao aliyetendewa hana kiti ndani yake, mimi sijui uitwe nini, lakini tafuteni jina lingine.

Kuna kitu kimoja ambacho tunaweza kufanya upande ule, nacho ni kidogo. Kijana anarudi kutoka porini, ameacha bunduki, hana dosye, au ana dosye na amemaliza. Anarudi kwenye avenyi. Jirani yake ni mtu ambaye kundi lake lilimchomea nyumba, hata kama si yeye aliyewasha. Wanakutana kwenye bomba la maji kila asubuhi. Hakuna mwamuzi wa bomba la maji. Pale tulishasaidia mara chache, si kusamehe, ni kukubaliana tu: nani anachota saa ngapi, watoto wasiitwe majina gani, na neno "nyoka" lisisikike tena kwenye ile foleni. Mara mbili imeshika. Mara moja imevunjika siku ya tatu.

Kwa hiyo kanuni yetu: kila kesi, wapatanishi wawili, na wasiwe wa kabila moja. Najua hampendi kusikia neno kabila kwenye mkutano wetu, sisi ni vijana wa Bunia, tumevuka mambo yale. Vizuri. Lakini mama anayekuangalia hajui kwamba umevuka. Anasikia jina lako, anasikia unavyotamka, na ameshakuweka upande. Basi muende wawili. Muongee Kiswahili, juu ndicho chetu sisi wote. Lakini hasira ikitoka kwa Kilendu, kwa Kihema, kwa Kinande, kwa Kialur, muiache itoke, halafu muombe mtu atafsiri polepole. Hasira iliyotafsiriwa imekwisha kupoa nusu.

Tusidhani tumevumbua sisi. Kule Kanada, mji mdogo wa Elmira, mwaka 1974, vijana wawili walevi waliharibu mali sehemu 22 usiku mmoja. Afisa aliyepewa kuwaangalia, pamoja na mtu wa Wamenoni, walimwomba mwamuzi kitu cha ajabu: wawapeleke mlango kwa mlango. Mwamuzi alikubali. Mmoja wa wale vijana, Russ Kelly, akiwa mtu mzima alirudi kwenye masomo na akawa mpatanishi wa kujitolea yeye mwenyewe. Hapa karibu, Rwanda wana abunzi, majirani waliochaguliwa na majirani, bila mshahara. Najua jina la jirani yule linakata hamu kwa wengi hapa, lakini kazi ni kazi. Mimi kitu kimoja cha kule sikipendi: kwa kesi ndogo ni lazima upitie kwao kabla ya tribunali. Lazima inaua kitu. Mama wa samaki alitufukuza siku ya kwanza, na ndiyo maana siku ya tatu aliongea.

Mambo ya mwisho, haraka, juu mvua inapungua na ninaona wengine mnaangalia mlango.

Hakuna malipo. Hakuna hata soda. Familia itakuletea sukari baada ya makubaliano, utasema asante mama, hapana. Ukinywa sukari ya upande mmoja, upande mwingine utajua kabla hujafika nyumbani. Franga ya pikipiki inatoka mfukoni mwako, na hiyo ndiyo sababu mwaka uliopita tulianza 19 na tukabaki 8. Ninawaambia sasa ili musinichukie baadaye.

Simu. Ninyi wote muna simu, na ninyi wote munapenda kupostisha. Mwenzetu mmoja, kijana mzuri, alipiga picha watu wawili wanashikana mikono, sura zinaonekana, akaiweka Facebook na maneno matamu ya amani. Watu walipenda sana. Ndani ya siku mbili kijana wa picha alifukuzwa kazi ya kunawa pikipiki, juu bosi wake hakujua kwamba aliwahi kuiba. Tumeomba radhi, picha imeondolewa, lakini kazi haikurudi. Chumbani simu zinazimwa, zinawekwa mezani. Hata yangu.

Na tunaomba mwaka mmoja, si wiki mbili za moto. Miezi mitatu ya kwanza hutasema kitu, utakaa karibu na mkubwa wa kazi na kuangalia. Ni ngumu kwa watu kama sisi, tunaojua megafoni.

Karatasi ya kujiandikisha iko pale karibu na dirisha. Kamarade wa swali, nimekuona, hujaandika jina lako na sikulazimishi. Lakini Jumamosi ijayo ninaenda kwa mama wa samaki, kuna mtu ameteremka kutoka Mongbwalu na anasema ana habari za kijana. Pengine ni dola, pengine ni maneno tu. Ninatafuta mtu wa kwenda naye. Tunaondoka saa mbili asubuhi, kwa miguu.

Sasa maswali. Dada uliye nyuma pale, umeinua mkono tangu nilipotaja muhuri, anza wewe.